Jina la Fisi katika Filamu ya The Lion King

Filamu ya katuni The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney ya Marekani mwaka 1994, ina majina mengi ya Kiswahili. Mtoto wa Mghange, katika vilima vya Taita vilivyo jirani na mbuga ya Tsavo, hakuhitaji mkalimani: Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa amepumbaa. Akiitazama tena utu uzimani, jina moja humkwaza: Shenzi, fisi jike anayeishi na wenzake nje ya mipaka ya nchi ya simba.

Neno hili lina historia. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye Mwislamu wala mstaarabu. Kwa kipimo hicho Mtaita naye alikuwa mshenzi. Baadaye walowezi wa Kizungu walilifanya tusi la kumtukania Mwafrika yeyote.

Kwa hiyo jina hilo si pambo tu. Limebeba maana ile ile ya kale: mshenzi ni yule aliyewekwa nje ya mpaka. Mtoto alimcheka fisi. Mtu mzima humkumbuka babu yake.