Dani Alikuwa Fundi

Wasee, ukiingia duka hapa Migori ukute sakafu ya zege imesuguliwa kwa mashine hadi inang'aa, lazima uulize fundi ni nani. Sakafu ya dani je, nani aliwahi kuuliza?

Kabla kiwanda cha Bamburi hakijaanza kutoa simiti Mombasa mwaka wa 1954, na hata miaka mingi baadaye, akina mama wa huku walichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakapiga magoti, wakasiriba kwa mkono. Ikipasuka, wanarudia.

Kuta za mawe za Thimlich Ohinga zimesimama tangu karne ya 16 bila simiti, UNESCO ikaziorodhesha 2018. Sakafu ya udongo haidumu hivyo. Mkono ukiondoka, nayo inaisha, na aliyeisiriba anasahaulika.

Dani alikuwa fundi, ila hakulipwa.