Lucretius, Voltaire na Mwaka 2454

Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, Lucretius wa Roma alitunga utenzi mrefu akidai kwamba vyote vilivyopo ni chembe na utupu, na kwamba miungu haina habari na binadamu. Roma ilipoanguka, utenzi huo ulisalia katika nakala chache mno.

Mwaka 1417 Poggio Bracciolini, karani ambaye Papa wake alikuwa amekwisha kung'olewa madarakani, aliufukua katika nchi za Wajerumani. Mwaka 1473 ukachapwa Brescia. Husemwa kwamba hapo ndipo imani ya Ulaya ilipotikisika. Ada Palmer, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Chicago, alizipekua nakala zenyewe, na mwaka 2014 akatoa kitabu kuhusu alichokiona pembezoni mwa kurasa. Wasomaji wa karne ya 15 walitia alama maneno adimu ya Kilatini na kusahihisha makosa ya wanakili. Penye chembe, wengi walipita tu. Machiavelli, aliyeunakili utenzi wote kwa mkono wake, ni miongoni mwa wachache waliosimama hapo. Kwa maoni yangu huu ndio ugunduzi mkubwa wa Palmer: wapenda sarufi walilihifadhi wazo wasilolijali, hata karne ya 17 ikalikuta likiwa hai.

Karne ya 18 falsafa ilishamiri katika hadithi. Mwaka 1752 Voltaire alimleta duniani jitu kutoka sayari inayoizunguka nyota ya Sirius. Thomas More, mwaka 1516, alikuwa ameiweka nchi yake ya haki kisiwani. Mwandishi Mercier, mwaka 1771, aliihamishia wakati ujao, katika Paris ya mwaka 2440.

Palmer ameirithi njia hiyo. Riwaya zake nne za *Terra Ignota*, zilizotoka kati ya 2016 na 2021, zinasimulia mwaka 2454: magari ya angani yamefuta umbali, mtu hujichagulia taifa, na kujadili dini hadharani ni marufuku. Mfungwa Mycroft Canner husimulia kwa mtindo wa karne ya 18, akibishana na msomaji wake. Watu hao wa kesho wanamfufua Voltaire kama Florence ilivyoifufua Roma, na wao pia huchukua zaidi ya walichokusudia.

Darasani Chicago, wanafunzi wa Palmer huvaa majoho ya makadinali na kuurudia uchaguzi wa Papa wa mwaka 1492, wakiandikiana barua na kula njama. Vita huzuka, ila anayechaguliwa, na wanaopigana, hubadilika mwaka hadi mwaka.