Karoti na Macho ya Paka

Yale maneno kwamba mla karoti huona gizani yalivumishwa sana Uingereza wakati wa vita, na yalikuwa na kazi yake.

Kuanzia Septemba 7, 1940, ndege za Ujerumani ziliishambulia London kwa mabomu usiku. Marubani waliopaa kuzisaka walirudi mikono mitupu, maana giza lilimficha adui. Novemba, John Cunningham wa Kikosi namba 604 akaangusha moja, kisha nyingine. Magazeti yakambandika jina la "Macho ya Paka", na wakubwa wakasema ni karoti. Siri ilikuwa rada iliyofungwa ndani ya ndege, na Mjerumani hakutakiwa kuijua.

Rada hiyo haikuendeshwa na rubani. Ndani ya ndege ya Beaufighter, nyuma kabisa, aliketi mtu wa pili amekodolea macho vioo vidogo, akimwelekeza mwenzake: kushoto, panda kidogo, punguza mwendo. Kuanzia 1941 mtu huyo alikuwa Jimmy Rawnsley, aliyewahi kuwa mpiga bunduki. Cunningham alihesabiwa ndege 20, na 19 kati ya hizo aliziangusha usiku. Mimi nasema wa kuitwa macho ni yule wa nyuma.

Wote wawili walivuka vita salama. Cunningham ndiye aliyeirusha Comet kwa mara ya kwanza mwaka 1949, ndege ambayo wazee wetu waliipanda enzi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Alifariki 2002. Rawnsley alitangulia 1965, lakini 1957 alikwisha kutoa kitabu, akieleza mwenyewe kazi ya kiti cha nyuma.