Ubomoaji wa majengo makubwa ya zege

Ubomoaji wa majengo makubwa ya zege ni kazi ya kuangusha au kukata vipande vipande maghorofa, madaraja na viwanja vilivyojengwa kwa zege na nondo. Ugumu wake ni kwamba zege hupasuka huku nondo zikishikilia: nguzo iliyovunjwa nusu yaweza kubaki imesimama, na hiyo ni hatari kuliko nguzo nzima. Nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya zege ni balaa zaidi. Zikikatwa ovyo huachia nguvu zake ghafla. Vumbi nalo lina silika inayoharibu mapafu, ndiyo maana maji hunyunyizwa muda wote.

Uwanja wa Kingdome huko Seattle, Marekani, uliangushwa kwa baruti tarehe 26 Machi 2000 kwa sekunde 16.8 tu. Nguzo zilikuwa zimefungwa wavu wa chuma na kitambaa kizito ili vipande visiruke. Huko Canberra, Australia, mambo yalikwenda kombo: tarehe 13 Julai 1997 hospitali ya zamani ililipuliwa mbele ya umati mkubwa, na kipande cha chuma kikavuka ziwa na kumuua msichana wa miaka 12 aliyesimama zaidi ya mita 400 kutoka hapo.