Divai mseto za Kanonkop na mavuno ya fahari ya mwaka 2015

Mwaka 2018, mhakiki mashuhuri wa divai kutoka Uingereza, Tim Atkin, aliitunuku divai nyekundu ya Afrika Kusini alama zote 100. Katika ripoti zake za awali, hakuna divai nyekundu ya nchi hiyo iliyokuwa imefikia kilele hicho. Divai yenyewe ni Paul Sauer, inayotengenezwa katika shamba la Kanonkop, na ilitokana na zabibu zilizovunwa mwaka 2015. Sifa hizo zilipokuwa zikienea, wakazi wa jiji la Cape Town, lililo umbali wa takriban kilomita 50 kutoka shamba hilo, walikuwa wakipata maji kwa mgao.

Kanonkop iko katika miteremko ya chini ya mlima Simonsberg, eneo la Stellenbosch. Jina hilo lina maana ya kilima cha mzinga. Katika karne ya 17, mzinga ulifyatuliwa kilimani humo kuwaarifu wakulima wa bara kwamba meli zimewasili katika Ghuba ya Table, nao wakapakia mazao yao kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe na kwenda kuyauza. Divai ya kwanza kutiwa chupani kwa jina la shamba hilo ilikuwa ya mwaka 1973, na mseto wa Paul Sauer ukaanza na mavuno ya mwaka 1981.

Wapo wanaodhani kwamba divai mseto ni njia ya kuficha kasoro za zabibu duni. Ukweli ni kwamba kila aina ya zabibu ina nguvu zake na upungufu wake, na kazi ya mtengenezaji ni kuziweka pamoja kwa kipimo. Paul Sauer hufuata desturi ya Bordeaux, Ufaransa. Takriban asilimia 70 yake ni Cabernet Sauvignon, ambayo huipa divai rangi nzito na tanini, yaani ile hali ya kukausha ulimi inayofanana na ya chai ya mkandaa iliyokolea majani. Cabernet Franc huongeza harufu, nayo Merlot hulainisha ukakasi.

Shamba hilo hutoa pia mseto mwingine mwekundu, Kadette, wenye bei nafuu na unaofaa kunywewa mapema. Huo huchanganya zabibu za Bordeaux na Pinotage, aina iliyozaliwa Afrika Kusini kwenyewe. Mwaka 1925, Profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alizalisha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati huo iliitwa Hermitage nchini humo. Jina Pinotage likatokana na kuunganishwa kwa majina hayo mawili. Mseto wenye Pinotage ndani yake huitwa mseto wa Rasi, na Waafrika Kusini huuhesabu kuwa alama yao miongoni mwa divai za dunia.

Ni kipi basi kilichoyatofautisha mavuno ya mwaka 2015? Kusini mwa ikweta zabibu huvunwa kuanzia Januari hadi Aprili, hivyo hali ya mwaka huo ilianza kujengeka tangu majira ya baridi ya mwaka 2014, yaliyokuwa na mvua ya kutosha. Mwezi Agosti joto likaja mapema, na mizabibu ikachipuka kabla ya wakati wake wa kawaida. Kisha msimu wa kiangazi ukawa mkavu, ukungu na kuvu havikupata nafasi ya kushambulia vishada, na mavuno yakaanza takriban wiki mbili mapema. Zabibu zinapokua katika ukavu wa kadiri hubaki ndogo, nazo zabibu ndogo huwa na maganda mengi zikilinganishwa na maji yake. Ni katika maganda hayo ambamo rangi, harufu na tanini za divai nyekundu hupatikana.

Hata hivyo, hali ya hewa pekee haitengenezi divai. Katika kiwanda cha Kanonkop, kilichosimamiwa wakati huo na mtengenezaji divai Abrie Beeslaar, zabibu huchachushwa ndani ya matangi ya saruji yaliyo wazi juu. Maganda yanapopanda na kuelea, wafanyakazi huyasukuma chini kwa mikono kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili majimaji yafyonze rangi na ladha. Baadaye Paul Sauer hulazwa kwa miezi 24 katika mapipa ya mwaloni wa Kifaransa. Ndiyo sababu divai ya mwaka 2015 haikufika sokoni hadi mwaka 2018.

Jina lililo kwenye chupa hiyo lina historia yake nzito. Paul Sauer alikuwa mmiliki wa shamba na mwanasiasa wa chama cha National, aliyehudumu kama waziri kuanzia mwaka 1948 hadi 1964. Ndiye aliyeongoza kamati ya chama ambayo ripoti yake iliweka msingi wa sera ya ubaguzi wa rangi. Babake, J. W. Sauer, ndiye waziri aliyewasilisha bungeni Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1913, iliyowabana Waafrika katika takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi yao. Mnamo Aprili 1960, baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville, Paul Sauer alitamka hadharani kwamba ilibidi serikali ibadili mwenendo wake. Kauli hiyo haikusikizwa.

Sera hizo ndizo zilizofanya divai ya Afrika Kusini isusiwe na mataifa mengi, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizopiga marufuku biashara na utawala huo. Vizuizi vilianza kulegezwa mapema katika miaka ya 1990. Mwaka 1991, Beyers Truter, aliyekuwa mtengenezaji divai wa Kanonkop, alitawazwa mtengenezaji bora wa mwaka katika mashindano ya kimataifa ya divai jijini London. Chema chajiuza, lakini hakiwezi kujiuza pale ambapo milango ya soko imefungwa kwa haki.

Ukavu uliozifaa zabibu mwanzoni mwa mwaka 2015 haukukoma ulipotarajiwa. Mvua za majira ya baridi ya mwaka huo hazikutosha, wala za miaka miwili iliyofuata. Divai ilipokuwa ikikomaa katika mapipa, mabwawa yalikuwa yakikauka. Kuanzia Februari 1, 2018, kila mkazi wa Cape Town alitakiwa kutumia lita 50 za maji kwa siku, na wakulima wakapunguziwa maji ya kunyunyizia mashamba kwa kiwango kikubwa zaidi. Mavuno ya zabibu ya Afrika Kusini mwaka huo yalipungua kwa takriban asilimia 15 yakilinganishwa na ya mwaka 2017.

Mnunuzi anayeiona tarakimu ya mwaka kwenye lebo ya chupa afahamu kwamba huo ni mwaka wa kuvunwa kwa zabibu, si wa kutiwa divai chupani wala wa kuuzwa kwake. Mseto mwepesi kama Kadette hunywewa katika miaka michache ya mwanzo. Paul Sauer ya mwaka mzuri yaweza kuhifadhiwa kwa miaka 20 na zaidi, mradi chupa ilazwe ubavu ili kizibo kisikauke, mahali penye ubaridi na giza.