Kutoka Daftari la Kaya hadi Diski ya Rauta: Kugawana Mafaili katika Bonde la Kilombero

Historia ya kugawana mafaili katika Bonde la Kilombero ina umri mkubwa kuliko kompyuta zilizomo, kwa kuwa kazi ya kuweka taarifa za watu wengi mahali pamoja, na kuwaruhusu wahusika kadhaa kuzisoma bila kuziharibu, ilianza kwa daftari na kalamu. Faili, kwa maana inayotumika hapa, ni fungu la taarifa lenye jina lake, liwe limeandikwa kwenye karatasi au limehifadhiwa kwenye diski, na kuligawana ni kuwawezesha watu wengi kulifikia likiwa bado ni lile lile moja. Leo kazi hiyo inaweza kufanywa sebuleni, na diski iliyochomekwa nyuma ya rauta, lakini maswali inayoyaibua juu ya nani asome, nani aandike na nakala ya pili ikae wapi, bonde hili liliyakabili zamani, na kijiji cha Idete kina sehemu yake katika historia hiyo.

Idete iko mkoani Morogoro, magharibi ya mji wa Ifakara, kati ya milima ya Udzungwa na uwanda wa mafuriko wa mto Kilombero, ambako Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wambunga na wageni wengi waliohamia baadaye hulima mpunga. Mwaka 1949 mtaalamu wa wanyama Rudolf Geigy, mkuu wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki ya mjini Basel, alifika Ifakara, na katika muongo uliofuata kukaanzishwa hapo maabara ya uwandani, ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ya jina na umiliki ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Utafiti wa malaria uliofanywa na wataalamu wa kituo hicho pamoja na wenzao ulihitaji kumfuatilia mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na hakuna ufuatiliaji wa namna hiyo unaowezekana bila kumbukumbu zilizopangwa vizuri.

Idete ilijulikana katika majarida ya tiba ya dunia mwaka 1994, pale yalipochapishwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Jaribio hilo, miongoni mwa ya mwanzo ya chanjo ya malaria barani Afrika, liliwahusisha watoto 586 wa kijiji hicho wenye umri wa mwaka 1 hadi 5, na likakadiria kwamba chanjo ilipunguza visa vya ugonjwa kwa asilimia 31, ingawa majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga, na chanjo ikaachwa. Kwa mada hii, jambo la kuzingatia ni mpangilio wa kumbukumbu. Jaribio lilikuwa la kificho pande zote mbili, yaani wazazi hawakujua mtoto wao amepewa chanjo au chanjo bandia isiyo na dawa, na waliompima nao hawakujua, hivyo orodha yenye ufunguo wa jibu ilipaswa kufichwa kwao huku kumbukumbu za kliniki zikitumiwa kila siku. Humo tayari mna kanuni ambayo wataalamu wa mitandao huiita haki za ufikiaji, kwamba faili moja huwa wazi kwa wote na jingine hufungwa hata kwa watu wa nyumba ile ile.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1996, ulipoanzishwa mfumo wa kufuatilia idadi ya watu na afya katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Baada ya kuhesabu watu wote kati ya Septemba na Desemba mwaka huo, wakusanya taarifa walirudi katika kila kaya mara moja kila miezi minne wakiwa na daftari lenye majina ya wanakaya, jinsia zao, tarehe zao za kuzaliwa na uhusiano wao na mkuu wa kaya, wakauliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameondoka na nani ni mjamzito. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana kwenye maelezo, kwa sababu msimu wa mvua familia nyingi za bondeni huhamia kwenye mashamba ya mbali, zikaishi huko kwenye vibanda mpaka mpunga uvunwe. Mlango uliofungwa kijijini haukumaanisha kwamba kaya imehama, na aliyeuandika vibaya aliharibu hesabu ya miaka. Waliotembea kwa baiskeli na kwa miguu kulirekebisha daftari hilo wanastahili kutajwa katika historia ya sayansi ya Tanzania kwa uzito ule ule wanaopewa waandishi wa makala zilizotokana nalo.

Madaftari yalirudishwa ofisini, ambako makarani waliyaingiza kwenye kompyuta kwa programu ya usajili wa kaya iliyotokana na kazi ya kituo cha Navrongo nchini Ghana na kuandikwa kwa lugha ya FoxPro. Programu ya aina hiyo ilikuwa na ukali wenye manufaa, kwani haikukubali kifo cha mtu ambaye hakuwahi kusajiliwa, wala mtu mmoja kuwa mkazi wa nyumba mbili kwa wakati mmoja. Makarani kadhaa wanapotumia hifadhi moja, kompyuta huifunga rekodi inayorekebishwa na mmoja wao mpaka aimalize, ili maandishi ya mwingine yasiyafute ya kwake. Matunda ya nidhamu hiyo yalionekana mapema. Mradi wa kuuza vyandarua kwa bei nafuu, ambao bidhaa zake zilijulikana kwa jina la Zuia Mbu, ulipimwa kwa kulinganisha matumizi ya vyandarua na vifo vilivyorekodiwa, na mwaka 2001 ilichapishwa kwamba watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliotumia vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyoongezeka kwa asilimia 27. Mwaka 1998 vituo vya namna hiyo kutoka Afrika na Asia vilikutana Dar es Salaam na kuunda mtandao wa INDEPTH, ambao mwaka 2013 ulifungua hifadhi ya pamoja ya takwimu, na katika miaka hiyo karatasi nazo zilianza kuviachia nafasi vifaa vya kielektroniki.

Wakati makarani wa Ifakara wakiingiza kumbukumbu za kaya, teknolojia ambayo ingeleta uwezo huo majumbani ilikuwa ikijengwa kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Barry Feigenbaum wa IBM alibuni SMB, yaani kanuni ambazo kompyuta moja huzifuata kuomba faili lililo kwenye kompyuta nyingine, na kati ya Desemba 1991 na Januari 1992 Andrew Tridgell, akiwa mwanafunzi mjini Canberra, aliandika programu huria iliyokuja kuitwa Samba, ambayo iliziwezesha mashine za mifumo mingine kuzifuata kanuni hizo. Tundu la USB, ambamo diski huchomekwa, lilipatikana kuanzia mwaka 1996. Mwaka 2004 kampuni ya Linksys iliuza kisanduku kidogo kiitwacho NSLU2, ambacho kiliunganisha diski za USB na mtandao wa nyumbani, na baadaye watengenezaji wengi waliihamishia kazi hiyo ndani ya rauta yenyewe. Rauta, kifaa kinachosambaza mawasiliano kati ya simu, kompyuta na intaneti, kwa kweli ni kompyuta ndogo, na nyingi huendeshwa na mfumo huria wa Linux, kwa hiyo ikiongezewa tundu la USB na Samba inakuwa pia seva, yaani mashine inayotoa mafaili kwa zinazoomba.

Manufaa yake kwa nyumba ya bondeni yanatokana na jambo moja ambalo wengi hawalitambui, kwamba faili linalotoka kwenye diski ya rauta kwenda kwenye simu au runinga ya nyumba hiyo haliendi kwenye intaneti kabisa, kwa hiyo halili bando. Nyimbo, filamu, picha za harusi na masomo ya watoto, ambavyo kwa miaka mingi vilihama kwa memori kadi na flashi kutoka mkono hadi mkono, vikibeba virusi na kupotea pamoja na kadi, vinaweza kukaa mahali pamoja na kufunguliwa na wote. Mipaka yake nayo ielezwe wazi. Rauta nyingi ndogo za laini ya simu hazina tundu la kazi hii. Diski iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampia 500 tu, ambazo hazizitoshi diski nyingi zenye sahani zinazozunguka. Umeme ukikatika faili linapoandikwa, faili hilo linaweza kuharibika, na kukatika huko si jambo geni katika bonde ambalo pembezoni mwake mitambo ya Kidatu yenye megawati 204 na ya Kihansi yenye megawati 180 huzalisha umeme wa gridi ya taifa.

Hatari kubwa zaidi ni mlango ulioachwa wazi. Mwaka 2014 iligundulika kwamba diski zaidi ya 12,000 zilizochomekwa kwenye rauta za ASUS zilikuwa zikifikiwa na yeyote kupitia intaneti, wamiliki wengi wakiwa hawajui, na mwaka 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia toleo la kwanza la SMB, ambalo rauta za zamani bado hulitumia. Anayetaka kugawana mafaili nyumbani, kwa hiyo, aweke nenosiri lake badala ya lile la kiwandani, azime ufikiaji kutoka nje ya nyumba, achague toleo la pili au la tatu la SMB ikiwa rauta inaliruhusu, na awape watoto na wageni ruhusa ya kusoma pekee.

Nakala ya pili ya picha na nyaraka za familia isikae kwenye diski hiyo wala chini ya paa hilo, kwa kuwa mafuriko, radi na mwizi havichagui; ipelekwe kwa ndugu mwaminifu wa mji mwingine, naye aifungue walau mara moja kwa mwaka kuhakikisha bado inasomeka.