Tangi kwanza, dawa baadaye

Test zimeisha, boom bado tunalisikia kwa jirani tu, basi ngoja niandike kitu.

Juzi rumu meti wangu kaona samaki wake wametoka madoa meupe. Dawa keshanunua, anataka kuimimina tu. Nikamwambia toa kwanza mkaa kwenye chujio, maana mkaa unanyonya dawa, halafu maji ya bomba yaache yakae klorini itoke. Akacheka sana. Mtu wa Piyaya na samaki wapi na wapi?

Lakini kuandaa mahali kwanza ndiyo shule ya kwetu. Nyumbu wakizaa, kama Januari mpaka Machi, ng'ombe wanahamishwa mbali na nyanda za nyasi fupi. Ndama wa nyumbu wanatoa virusi ambavyo ng'ombe akivipata anakufa, na dawa hakuna. Wazee walikuwa wanahama zamani sana kabla Walter Plowright hajavinasa virusi hivyo maabara kule Muguga, Kenya, 1960.

Sasa stori kubwa ya matangi iko hapa hapa Mlimani, na wengi tunapita bila kujua. Chura wa Kihansi. Kadogo, kanatosha juu ya kucha ya kidole gumba, kanazaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, duniani kote hayupo kwingine. Tatizo ni kwamba maji yale yale ndiyo tulitaka umeme, megawati 180. Mwaka 2000 manyunyu yakakatika. Wakachukuliwa chura 499 wakapelekwa Bronx Zoo, New York, baadaye wengine Toledo, Ohio. Huko wengi walikufa miaka ya mwanzo, mpaka wataalamu walipojua mwanga gani, unyevu gani, wadudu gani wa kuwalisha. Yaani tangi liliwatesa kabla ya kuwaokoa!

Kihansi nako wakafunga mabomba ya kunyunyizia, chura wakaongezeka, halafu 2003 wakaporomoka ghafla. Kuvu wa ngozi, yule anayeua vyura dunia nzima, alikutwa pale. Na hapo ndipo mimi naona utamu wa hii historia: kwenye tangi unaweza kumtibu chura, kusafisha kioo, kubadili maji. Korongo zima utalimwagia dawa gani?

Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Agosti 2010 chura 100 wakarudi kwa ndege mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye jengo lililoandaliwa kabla hawajafika. Tangu 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwa awamu, na kuvu bado walikuwa huko huko wanawasubiri.